Yamane imenipa kaya 400 za Nairobi, msimamizi amekataa. Kosa liko wapi?

Mwanatasnifu_Zimma (Jumatatu, saa 3 usiku)

Habari zenu wakuu. Utafiti wangu unahusu maji katika nyumba za kupanga hapa Nairobi: kaya inatumia lita ngapi kwa siku, inalipa shilingi ngapi kwa mwezi, na kama wanaonunua mitungi kwa wachuuzi huugua tumbo kuliko wenye mfereji nyumbani. Idadi ya kaya nimeitoa kwenye sensa ya 2019, yaani 1,506,888. Fomula ya Yamane, ile ya kukadiria ukubwa wa sampuli, kwa kosa la asilimia 5 imetoa 400. Mpango ni mitaa 20, kaya 20 kila mtaa, hojaji ya Kiswahili kwenye simu. Msimamizi ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "400 ya nini?" Nisaidieni kulielewa swali lake kabla sijarudi ofisini kwake.

---

Nasibu_85 (Jumatatu, saa 4 usiku)

Msimamizi wako ameuliza swali zuri. Tazama fomula yenyewe: n = N / (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni kaya zote na e ni kosa unalokubali. Ukiweka N kubwa, ile 1 inamezwa na jibu linakuwa 1/e², yaani 1 gawa kwa 0.0025, ambayo ni 400. Weka kaya za Nairobi, weka za Kenya nzima, weka za Afrika: 400. Kwa hiyo namba hiyo haijui lolote kuhusu utafiti wako. Ile 384 ya jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 ni ndugu yake wa damu. Tofauti ni kwamba Yamane ameikadiria 1.96, kizidishi cha uhakika wa asilimia 95, kuwa 2.

Kuna mambo ambayo fomula hiyo imeyachukulia kimyakimya. Inadhani unatafuta asilimia (kaya ngapi kati ya 100 zina mfereji), na kwamba asilimia hiyo iko karibu na 50. Wewe maswali yako mawili ya kwanza ni ya wastani, lita na shilingi, si asilimia. Kwa wastani unahitaji kujua matumizi yanatawanyika kiasi gani. Tuseme majaribio yako ya awali yameonyesha mchepuko (kipimo cha mtawanyiko huo) wa shilingi 600 kwa mwezi na unataka wastani usiokosea zaidi ya shilingi 50. Hapo n = (1.96 × 600 / 50)², ambayo ni 554. Ukikubali kosa la shilingi 100 unahitaji 139 tu. Uamuzi ni wako, Yamane hahusiki.

Lakini kinachokuumiza zaidi ni ile 20 mara 20. Fomula inadhani kila kaya imechaguliwa peke yake kutoka orodha moja ya kaya zote za jiji. Wewe unachagua mafungu, yaani klasta, kisha majirani ndani yake. Na majirani kwa habari ya maji hufanana mno. Ploti moja, yaani kiwanja kimoja cha nyumba za kupanga, ina tangi moja, mfereji mmoja, siku moja ya maji kuja. Ukishamhoji wa mlango wa kwanza, yule wa kumi na nane hana jipya la kukuambia.

Kufanana huko kuna kipimo, huandikwa ρ, na hesabu yake ni hii: athari ya muundo = 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya kaya kwa klasta. Athari hiyo inakuambia klasta zinapunguza uzito wa sampuli yako mara ngapi. Chukua ρ ya 0.3, ambayo kwa chanzo cha maji si kubwa hata kidogo. Kwa m = 20 unapata 1 + 19 × 0.3 = 6.7. Gawa 400 kwa 6.7. Kaya zako 400 zina uzito wa kaya 60 zilizochaguliwa moja moja. Kosa lako si asilimia 5 tena, ni karibu 12.7.

---

Mwanatasnifu_Zimma

Sitini? Sasa nitoe wapi hela za kuhoji kaya 400 mara 6.7, yaani zaidi ya elfu mbili?

---

Nasibu_85

Usiongeze kaya, ongeza klasta. Kaya zile zile 400, zipange klasta 80 zenye kaya 5 kila moja. Athari inashuka hadi 1 + 4 × 0.3 = 2.2, uzito halisi unapanda hadi kaya 182, na kosa linashuka hadi kama 7.3. Kinachoongezeka ni nauli ya matatu na muda wa kutembea, kwa hiyo bajeti irekebishwe hapo.

Njia nyingine ni kupunguza eneo. Hakuna aliyekulazimisha kusema juu ya wadi zote 85. Ukisema wazi kwamba utafiti ni wa nyumba za kupanga za Embakasi peke yake, utapata jibu lenye nguvu kuhusu Embakasi badala ya jibu legelege kuhusu Nairobi. Kumbuka pia kwamba 1,506,888 ni kaya zote za kaunti, hata za matajiri wa Karen wenye visima vyao. Wapangaji si hao wote, kwa hiyo hata N yako ilikuwa ya watu wengine.

Kisha ongeza watakaokataa au kukosekana. Ukitarajia 85 kati ya 100 wakubali, unagawa kwa 0.85: ili ubaki na 400, chagua 471. Usizidishe kwa 1.15, hiyo inakupa 460 na utapungukiwa.

---

Mzee_wa_Uwandani (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Hesabu ya Nasibu iko sawa. Mimi nina wasiwasi na neno "mitaa 20". Nani atachagua mitaa hiyo, na kwa orodha gani? Wanafunzi wengi huandika "sampuli nasibu" kwenye tasnifu na ukiuliza unaambiwa walianza na mtaa ulio karibu na stendi.

Shirika la takwimu, KNBS, lina sampuli kuu iliyotokana na sensa ya 2019, yenye klasta 10,000 za nchi nzima. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulitumia klasta 1,692 kati ya hizo, kaya 25 kila klasta, jumla kaya 42,300. Mwanafunzi anaweza kuomba kwa barua orodha ya maeneo ya kuhesabia ya wadi anazotaka pamoja na idadi ya kaya. Ukiipata, chagua kulingana na ukubwa: panga maeneo kwenye jedwali, jumlisha kaya ukishuka (eneo la kwanza 112, la pili 112 + 87 = 199, la tatu 199 + 140 = 339, na kuendelea), gawa jumla kuu kwa idadi ya klasta unazotaka, chagua namba nasibu ya kuanzia isiyozidi jibu hilo, kisha ruka kwa kiasi hicho. Eneo ambalo namba imeangukia ndilo klasta yako. Ukichukua kaya idadi sawa kwa kila klasta iliyochaguliwa hivi, kila kaya inakuwa na nafasi karibu sawa na huhitaji kuzipa kaya uzani tofauti wakati wa hesabu mwishoni.

Angalia mipaka. Githurai 44 iko Nairobi, ng'ambo ya barabara Githurai 45 ni Kiambu. Wahoji wasio na ramani huvuka bila kujua, na ramani ya simu haikuambii umebadilisha kaunti.

Ukifika kwenye klasta, usihoji siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya kuorodhesha milango. Kila jengo, kila ghorofa, kila mlango, pamoja na uliofungwa kwa kufuli. Kule mtaa wa Pipeline wenye maghorofa jengo moja linaweza kuwa klasta nzima. Tuseme umepata milango 118 yenye watu na unataka 5. Ruko lako ni 118 / 5 = 23.6. Namba ya kuanzia iwe kati ya 0 na 23.6, mathalan 9.4. Ongeza ruko: 9.4, 33.0, 56.6, 80.2, 103.8. Kadiria juu: mlango wa 10, 33, 57, 81 na 104. Usilikate ruko liwe 24 kwa kupenda namba nzima. Kama ghorofa ina milango 12, ruko la 24 litakuangusha mlango ule ule kila baada ya ghorofa mbili, na kama mlango huo ndio ulio karibu na ngazi ambako mfereji wa ghorofa umefungwa, basi umepima kaya za kando ya mfereji peke yake.

Na hapa ndipo utafiti wa maji hufia: mlango uliochaguliwa ukiwa umefungwa, mhoji anabisha wa jirani. Jirani aliyeko nyumbani saa nne asubuhi ni mtu wa aina gani? Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, anayefua nguo za watu. Hao ndio wanaotumia maji mengi. Aliyetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Inda (eneo la viwanda) anaoga kwa beseni moja na kurudi usiku. Ukibadilisha mlango mmoja kwa mwingine kila ukikuta kufuli, lita zako zitapanda na hutajua kwa nini. Rudi mara tatu, nyakati tofauti: asubuhi siku ya kazi, jioni baada ya saa kumi na mbili, na Jumapili alasiri. Ikishindikana, andika "hakupatikana" na uendelee. Kaya za akiba zichaguliwe mapema kwa nasibu ile ile, zisichaguliwe na mhoji mlangoni.

---

Ploti_Namba_Nane

Mzee, na yule anayehojiwa ndani ya nyumba? Tulifundishwa jedwali la Kish.

---

Mzee_wa_Uwandani

Jedwali la Kish la 1949 ni la kuchagua mtu mzima mmoja kwa nasibu pale unapotaka maoni ya mtu binafsi. Hapa unataka habari ya nyumba. Muulize yule anayenunua maji. Kish anaweza kukuangushia binamu aliyekuja juzi kutafuta kazi, hajui bei ya mtungi.

---

Mama_Hojaji (Jumanne, saa 6 mchana)

Ndugu Zimma, tuweke maswali yako hapa tuyaone. Wengi hutumia miezi mitatu kwenye sampuli na jioni moja kwenye hojaji, na kosa la hojaji haliponywi na kaya elfu kumi.

---

Mwanatasnifu_Zimma

Nimeyatafsiri kutoka Kiingereza, haya hapa manne:
1. Kwa kawaida unatumia maji kiasi gani kwa siku?
2. Kaya yako ina watu wangapi?
3. Maji ya mfereji hufika saa ngapi?
4. Je, kuna mtu ameugua tumbo wiki iliyopita?

---

Mama_Hojaji

Asante kwa kuyatoa hadharani, si wengi wanaothubutu. Nianze na la kwanza kwa sababu lina mashimo matatu ndani ya maneno manane.

"Unatumia." Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, Kiswahili hakina uvivu huo. Ukisema "unatumia", mama atakuhesabia maji yake. Ukisema "mnatumia", atakuhesabia ya nyumba. Wahoji wawili wakitofautiana hapo, nusu ya data yako ni ya mtu na nusu ni ya nyumba, na hakuna hesabu ya baadaye itakayozitenganisha. "Kwa kawaida" inamfanya atunge wastani kichwani, na katika mtaa ambao maji huja siku mbili kwa wiki hakuna siku ya kawaida. "Kiasi gani" haina kipimo. Uliza jana, uliza kwa mtungi: "Jana, tangu mlipoamka hadi mlipolala, mlitumia mitungi mingapi ya lita 20 hapa nyumbani?" Mwonyeshe picha ya mtungi wa 20, wa 10 na wa 5, kila mmoja na kisanduku chake. Kisha uliza kama jana maji yalikuwepo. Hojaji zigawanywe siku zote saba za wiki, maana Jumamosi ni siku ya kufua.

Kipindi kifupi kama jana hukumbukwa vizuri lakini kaya moja hutofautiana sana na nyingine. Kipindi kirefu kama mwezi hutulia lakini watu husahau, au huvuta mambo ya miezi iliyopita wakayaingiza. Kwa lita tumia jana. Kwa shilingi tumia siku 7, kwa sababu mtu hukumbuka hela zilizotoka mfukoni.

"Kaya" ni Kiswahili sanifu cha vitabuni na sensa, lakini Mmijikenda ukimwambia kaya atafikiria msitu mtakatifu wa wazee, na mtu wa Kayole atadhani unafupisha jina la mtaa wake. Uliza hivi: "Ni watu wangapi walilala hapa jana usiku na hupikiwa chungu kimoja?" Ndugu wawili wanaoishi chumba kimoja ila kila mmoja anajipikia ni kaya mbili. Amua kabla ya kwenda.

La tatu ni mtego. Ukiuliza saa, mmoja atakujibu "saa nane usiku", mwingine "saa mbili usiku" akimaanisha wakati ule ule kwa hesabu ya Kizungu, na vijana wa Nairobi huchanganya zote mbili ndani ya sentensi moja. Simu inaandika 8:00 au 2:00 na wewe unachora grafu inayoonyesha maji yakija mara mbili. Weka orodha ya kuchagua: alfajiri kabla ya jua, asubuhi, mchana, jioni, usiku kabla ya watu kulala, usiku wa manane. Ukihitaji saa kamili, kila chaguo liandikwe kwa njia zote mbili, "saa 8 usiku, yaani 2:00".

La nne, "kuugua tumbo" ni gunia. Lina vidonda vya tumbo, maumivu ya hedhi, taifodi, kushiba kupita kiasi. Unachotaka ni kuharisha, na watu wa hapa husema kuendesha. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. "Wiki iliyopita" nayo: kuna anayeelewa siku saba zilizopita, kuna anayeelewa Jumatatu hadi Jumapili. Mhoji aseme siku kwa jina, "tangu Jumanne iliyopita hadi jana". Uliza juu ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano peke yake, si "kuna mtu".

Tafsiri nzima impe mtu ambaye hajaona ya Kiingereza airudishe Kiingereza. Pale zinapoachana ndipo penye kazi. Halafu wafanyie majaribio watu 15 hadi 20 walio nje ya klasta zako, na baada ya kila swali waulize, "Umelielewaje swali hili?"

---

Ploti_Namba_Nane

Kwa nini asiruhusu wahoji watumie Sheng? Vijana wa Mathare hawatakujibu Kiswahili cha habari za saa moja.

---

Mama_Hojaji

Salamu na porojo zitumie Sheng, hakuna ubaya. Swali lenyewe lisomwe lilivyoandikwa. Ukitaka Sheng ndani ya swali, iandike na uifanyie majaribio kama lugha nyingine, mtaa kwa mtaa, maana ya Mathare na ya Kawangware si moja. Mhoji akijitafsiria papo hapo, hujui tena ni swali gani lililoulizwa.

---

Kaguzi254 (Jumanne, saa 2 usiku)

Nigusie data yenyewe. Hapo kwenye fomu ya Kobo au ODK (programu za hojaji kwenye simu), weka mipaka. Mitungi ya jana isikubali chini ya 0 isipokuwa alama ya "sijui", na ikizidi 30 itoe onyo la kuhakikisha, isizuie kabisa kwa sababu kuna anayefua kwa biashara. "Sijui" isiwe 99 wala 999. Tazama: kaya 400, wastani halisi shilingi 40, na watu kumi waliojibu sijui wakaandikwa 999. Kompyuta itakupa 64. Tumia namba hasi kama −99 ambayo itajionyesha, na uiondoe kabla ya hesabu yoyote. Tena utofautishe 0 ya mpangaji ambaye maji yamo ndani ya kodi na pengo la asiyejua. Hizo si kitu kimoja.

Upikaji wa data, yaani kubuni majibu. Mhoji akilipwa kwa kila fomu, atapika, na kibandani chai iko tayari. Mlipe kwa siku, umwekee idadi ya wastani, kwa hojaji ya dakika 30 si zaidi ya 6 au 7 kwa siku ukihesabu na kurudi kwa waliokosekana. Kila jioni tazama muda wa kila fomu, umbali kati ya fomu mbili, na fomu zilizoingia saa ambazo hapangekuwa na mtu. Kaya 1 kati ya 10 irudiwe na mtu mwingine kwa maswali matano yasiyobadilika, kama idadi ya vyumba na ghorofa.

Kuna ishara moja ambayo wengi huisoma kinyume. Watu wa kweli hukadiria: shilingi wanazotaja zitalundikana kwenye 300, 500, 1,000. Mpishi wa data huogopa namba za mviringo, anaandika 437, 512, 689. Mhoji ambaye fomu zake hazina milundo kabisa ndiye wa kumfuata kwanza.

---

Maji_na_Namba

Mtanisamehe kuingilia. Swali la mwisho la Zimma, la wachuuzi na kuhara, ndilo gumu na limepitwa haraka. Tuseme amepata wanaonunua mitungi wanahara zaidi. Hawa pia ni wenye kipato kidogo zaidi, milango kumi inatumia choo kimoja, maji yanakaa kwenye ndoo siku tatu. Nani amesababisha?

London mwaka 1854 daktari John Snow alikuwa na tatizo hili hili kwa kipindupindu. Kampuni mbili zilisambaza maji kwenye barabara zile zile, nyumba hii na ile, tajiri na maskini. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia mahali pa kuchotea sehemu ya juu zaidi ya mto Thames, kabla haujafika jijini, mwaka 1852, Southwark and Vauxhall ikabaki ikichota penye maji machafu ya jiji. Nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba 26,107 za Lambeth, vifo 98, yaani 37 kwa 10,000. Wakazi wengi hawakujua ni kampuni gani inayowauzia, kwa hiyo Snow alichukua maji akayapima chumvi kwa naitreti ya fedha, maana moja ilikuwa na chumvi karibu mara 40 ya nyingine. Hakuridhika na jibu la mdomo.

Tafuta kitu kama hicho hapa: ndani ya ploti moja, kodi moja, choo kimoja, wanaonunua na wasionunua. Linganisha ndani ya ploti, usilinganishe Kileleshwa ya wenye nacho na Mukuru ya mabanda.

Magharibi mwa Kenya Michael Kremer na wenzake walichagua kwa nasibu chemchemi zipi zijengewe mapema na zipi zisubiri. Uchafu wa kinyesi ulipungua asilimia 66 kwenye chemchemi, lakini kwenye maji yaliyowekwa nyumbani asilimia 24 tu, kwa sababu yalichafuka njiani na ndani ya vyombo. Kuhara kwa watoto kulipungua kama robo. Baadaye, mwaka 2018, utafiti mwingine mkubwa wa Bungoma, Kakamega na Vihiga, wajawazito 8,246, ulijaribu kutibu maji kwa klorini, vyoo na kunawa mikono, na kuhara hakukupungua. Utafiti pacha wa Bangladesh ulipata kupungua. Kwa hiyo usiende uwandani ukiwa tayari umeandika hitimisho.

---

Maabara_Buruburu

Kama atapima maji, chupa iwe imetakaswa na ndani iwe na thiosalfeti ya sodiamu kidogo. Bila hiyo klorini iliyomo inaendelea kuua bakteria ndani ya chupa mkiwa bado kwenye foleni ya Jogoo Road, na maabara itakupa matokeo safi ya uongo. Jaza ukiacha nafasi ya kutikisa, weka kwenye sanduku la barafu bila barafu kugusa chupa, fikisha ndani ya saa 6. Saa 24 ndio mwisho kabisa. Klorini pima pale pale, haisubiri. Angalau 0.2 mg kwa lita inatarajiwa mahali maji yanapotolewa.

Vitabu vitakuambia uchome mdomo wa mfereji kwa moto na uache maji yatiririke dakika moja au mbili. Hilo ni sahihi ukiuliza maji ya bomba yako vipi. Ukiuliza wanachokunywa, usichome, usitiririshe: mwombe mama akumiminie vile anavyompa mtoto, kwa kikombe kile kile. Kila chupa 20, moja iwe na maji yaliyotakaswa uliyoyabeba kutoka maabara. Ikitoa bakteria, uchafu ni wako.

---

Ploti_Namba_Nane

Na wale waliojiunganishia bomba usiku? Wako wengi na hawatasema.

---

Nasibu_85

Kuna mbinu aliyoianzisha Warner mwaka 1965, nayo ina sura nyingi. Rahisi ni hii: mpe mhojiwa sarafu, airushe akiwa amekupa mgongo. Ikianguka upande wa nembo, aseme "ndiyo" bila kujali. Ikianguka upande mwingine, aseme ukweli. Wewe hujui "ndiyo" yake ni ya sarafu au ya bomba. Ukipata "ndiyo" 62 kati ya 100, toa 50 za sarafu, zibaki 12 kati ya 50, yaani asilimia 24. Gharama yake ni sampuli: kwa mfano huo unahitaji kaya kama mara tano ya swali la moja kwa moja ili kupata uhakika ule ule. Na lazima mhojiwa aelewe, kwa hiyo mjaribishe kwanza kwa swali lisilo na hatari, kama ana televisheni.

---

Kaguzi254

Hilo linagusa vibali pia. Anza na kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha ofisi za kaunti na chifu. Ukibadilisha mpangilio huo utarudishwa. Chifu na mzee wa mtaa wakutambulishe, lakini wasisimame mlangoni ukihoji, hasa swali la bomba. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, namba za GPS zinazoonyesha nyumba ilipo pamoja na ugonjwa wa mtoto ni data ya mtu binafsi. Faili la majina na namba za GPS likae peke yake, limefungwa kwa nywila, liunganishwe na majibu kwa namba ya fomu tu.

---

Mwanatasnifu_Zimma (Jumatano, saa 12 jioni)

Nimepanga upya. Eneo: nyumba za kupanga za Embakasi. Klasta 80, kaya 5 kila moja, na nyingine 71 za akiba zilizochaguliwa mapema. Siku moja ya kuorodhesha, kisha kuhoji ndani ya siku saba tofauti. Jana kwa lita, siku 7 kwa shilingi, kuhara kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ulinganisho ndani ya ploti. Bomba la usiku nimeliondoa, sampuli haitoshi. Nimeacha kitu?

---

Nasibu_85

Mawili. Watoto wa chini ya miaka mitano hawako kila nyumba, na kuhara ndani ya siku 7 hakumpati kila mtoto, kwa hiyo kaya 400 zitakupa visa vichache mno vya kulinganisha ndani ya ploti. Ama lifanye swali hilo kuwa la kueleza tu, ama ubadilishe kipimo kiwe bakteria kwenye kikombe. La pili, namba nasibu ukizitoa kwenye kompyuta, andika kwenye kiambatisho mbegu, yaani namba uliyoipa kompyuta ianzie, ili msimamizi akirudia apate milango ile ile.